Askari akirudi kutoka vitani, kwa nini yeye ndiye athibitishe kwamba aliumia?

Kitukuu:

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatugombani.

Kaka yangu alirudi kutoka vitani mzima. Ndivyo tulivyosema sote siku ile. Mikono miwili, miguu miwili, na kila mtu anamwita kwa jina lake. Ilipita miezi ndipo nikagundua kwamba kila chumba anachoingia hukaa mgongo ukutani, uso mlangoni. Ukimhamishia kiti hasemi neno, anasimama hapo hapo mpaka ukirudishe. Sikio la kushoto halisikii kabisa. Usiku saa tisa anaamka, anazunguka nyumba akijaribu komeo moja baada ya jingine, kisha anakaa gizani hadi kunakucha.

Tulimbembeleza akadai matibabu. Akapewa fomu. Fomu inataka tarehe ya mlipuko, mahali, na sahihi ya mtu aliyeshuhudia. Tarehe anaijua, mahali anapajua. Aliyeshuhudia alikuwa mmoja, alikaa upande ule bomu lilikolipukia, na alikufa palepale. Karani akamwambia, tena kwa upole kabisa, "Basi tafuta shahidi mwingine." Kaka akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati, akaondoka. Hajarudi kule tena. Shati limefuliwa sijui mara ngapi, fomu ingali mfukoni, imekuwa kama pamba.

Ofisi siitaji, na vita vyenyewe sivitaji, watu wanajuana.

Hoja yangu ni moja tu. Siku ya kumchukua hakuombwa ushahidi wa lolote. Walijua umri wake, kimo, kundi la damu, hadi namba ya kiatu. Waraka wa kumwita ulimfikia mlangoni bila kupotea njia. Siku ya kumtibu, ghafla hakuna anayemfahamu, na kazi ya kujitafuta kwenye makabati ya watu ni yake. Nasema mzigo wa ushahidi ubebwe na aliyemtuma. Kama serikali inaamini hakuumia huko, iithibitishe yenyewe, maana yenye makabati ni hiyo hiyo.

Si wazo langu la kuotea. Marekani walinyunyizia misitu ya Vietnam dawa ya kuua majani, ile iliyoitwa Agent Orange na nyinginezo, kuanzia 1962 hadi 1971. Askari wakarudi kwao, miaka ikapita, saratani zikaanza. Kila mmoja akaambiwa athibitishe kwamba ugonjwa wake umetokana na dawa ile. Hebu fikiri, mtu aliyekuwa na miaka 19, amelala kichakani, atajuaje ndege iliyopita juu ilimwaga nini? Mwaka 1991 ndipo sheria ikageuzwa. Kama ulikanyaga Vietnam katika kipindi kilichotajwa, na una ugonjwa uliomo kwenye orodha, inachukuliwa kwamba umeupata kule, basi. Huulizwi ulisimama wapi siku gani. Mwaka 2022 wakaongeza sheria nyingine ya mtindo huo kwa waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka kwenye kambi za Iraki na Afghanistan. Waliokufa kati ya vita na sheria, hao ndio wamekwenda zao.

Sasa mtu atasema mambo ya sikio na usingizi ni madogo. Mwaka 1915 daktari Mwingereza Charles Myers aliandika kuhusu askari wa Vita Kuu ya Kwanza waliokuwa wakitetemeka, wasioona, wasiokumbuka, ilhali mwili hauna jeraha. Jina lililoenea likawa mshtuko wa makombora. Katika vita hivyo hivyo jeshi la Uingereza lilipiga risasi askari wake 306 kwa makosa kama utoro na woga, na wengi wanaamini baadhi yao walikuwa wagonjwa wa hali hiyo hiyo. Walisamehewa mwaka 2006. Ugonjwa wenyewe, huu tunaouita kiwewe cha baada ya maafa, uliingizwa kwenye mwongozo rasmi wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Kwa hiyo askari alikuwa na ugonjwa kabla ugonjwa haujawa na jina, halafu anadaiwa cheti.

Na msidhani wakubwa wa zamani hawakulijua hili. Kaisari Augusto, mwaka 6 BK, alianzisha hazina maalumu ya kuwalipa askari wanaomaliza utumishi. Hakusubiri huruma ya mtu, aliiwekea kodi yake: asilimia 5 ya mirathi na asilimia 1 ya mauzo ya mnada. Matajiri wa Roma walinung'unika mno. Lakini hata hapo utekelezaji ulikuwa wa kuzungushana. Alipokufa mwaka 14, vikosi vya jimbo la Pannonia viliasi, na malalamiko yao mtu angeweza kuyaandika leo asubuhi: tunabakizwa jeshini miaka thelathini na zaidi, na tukiachiwa tunapewa vinamasi na majabali tunaambiwa ni mashamba.

Nawasilisha. Wenye uzoefu mje, wapinzani pia mje.

Nanga:

Nimeweka kiti mbele. Nitarudi.

Bwana Hesabu:

Mkuu Kitukuu, pole kwa yaliyomkuta kaka. Ila nakupinga, usinichukie.

Kwanza, askari analipwa mshahara. Aliyejitolea alijua anakokwenda. Mchimba madini anaporomokewa, mvuvi anazama, muuguzi anaambukizwa, na hao hatuwaandikii nyuzi. Pili, ukisema kila anayedai aaminiwe bila ushahidi, umefungua mlango wa waongo. Tatu, pesa zinatoka wapi? Angalia Zimbabwe 1997. Wapigania uhuru waliandamana, serikali ikakubali kumlipa kila mmoja dola 50,000 za Zimbabwe pamoja na pensheni ya dola 2,000 kwa mwezi, na bajeti haikuwa na fungu hilo. Tarehe 14 Novemba sarafu ikaporomoka kwa siku moja. Aliyelipa ni mama muuza mboga ambaye hakumtuma mtu vitani.

Kitukuu:

Bwana Hesabu, hoja nzito, sitaikwepa. Nianze na Zimbabwe, maana umeileta wewe na inakugeukia.

Kabla ya malipo yale kulikuwa na mfuko wa fidia wa waathirika wa vita. Ukaporwa. Vigogo waliandikiwa asilimia kubwa za ulemavu, watu wanaotembea na kuendesha ofisi, kwenye karatasi ni mahututi, mpaka ikabidi iundwe tume ya uchunguzi. Sasa niambie, hao walikosa ushahidi? Karatasi zote walikuwa nazo, za daktari, mihuri, sahihi. Aliyekosa karatasi ni mpiganaji wa kijijini. Utaratibu wa ushahidi mgumu haumzuii mwongo mwenye cheo, unamzuia mkweli asiye na mtu ofisini. Na ile hasira ya 1997 ilijengwa na miaka ya kuwapuuza. Deni ulilolikwepa kidogo kidogo ukilipa kwa siku moja kwa hofu, lazima likuvunje mgongo.

Kuhusu deni la kucheleweshwa nina mfano mwingine. Mwaka 1924 Marekani iliwaahidi askari wa Vita Kuu ya Kwanza malipo ya nyongeza, lakini yakomae 1945. Njaa ya miaka ya thelathini ikawakuta. Mwaka 1932 maelfu wakaenda Washington na familia zao, wakapiga vibanda, wakasema tupeni sasa. Tarehe 28 Julai Jenerali Douglas MacArthur akawatoa kwa askari wa farasi, vifaru na mabomu ya machozi, na vibanda vikachomwa moto. Yaani jeshi likafukuza jeshi. Walilipwa 1936, baada ya bunge kulipindua katazo la rais.

Aibu ile ndiyo iliyowatisha watunga sheria vita vya pili vilipokaribia mwisho. Tarehe 22 Juni 1944 Rais Roosevelt akasaini sheria ya kuwapokea askari: ada za masomo, mikopo ya nyumba yenye dhamana ya serikali, na kwa asiye na kazi dola 20 kwa wiki hadi wiki 52. Kulikuwa na watu walioipinga kama unavyonipinga wewe, wakisema askari watabweteka. Zilizotumika kwenye zile dola 20 hazikufika asilimia 20 ya fedha zilizotengwa. Watu walichukua wiki chache wakaenda zao kazini. Na hadi 1956 karibu watu milioni 7.8 walikuwa wamesoma au kujifunza ufundi kwa sheria ile.

Kuhusu mchimba madini, niko nawe. Naye alipwe. Lakini tofauti moja ipo: mchimbaji akiona mwamba unalia anaweza kutoka mbio. Askari akitoka mbio anashtakiwa, na wale 306 ni ushahidi wa kilichowahi kumpata. Mtu uliyemnyang'anya haki ya kukimbia, unalo la kumjibu.

Nanga:

Nimerudi. Kitukuu, hiyo sheria ya 1944 umeisifia haraka mno. Weusi walipigana vita vile vile, lakini mikopo ilipitia benki za mitaani na maofisa wa majimbo. Mississippi mwaka 1947, katika mikopo zaidi ya 3,200 iliyodhaminiwa, askari weusi walipata miwili. Miwili, wakuu. Isaac Woodard, Februari 1946, saa chache tu baada ya kuachiwa jeshini, bado yuko ndani ya sare, alipigwa na polisi South Carolina hadi akapofuka macho yote. Kwa hiyo swali la kwanza si "jamii imsaidieje askari". Swali ni askari gani.

Na huku kwetu Afrika tusijifanye watazamaji. Thiaroye, nje ya Dakar, tarehe 1 Desemba 1944. Waafrika waliopigania Ufaransa, wametoka kuwa mateka wa Wajerumani, wanadai malimbikizo ya mishahara yao. Wakajibiwa kwa risasi na jeshi lile lile walilolipigania. Serikali ya Ufaransa ilitaja waliokufa kuwa 35, wanahistoria wengi wanasema idadi ni kubwa kuliko hapo. Ilifika 2024 ndipo rais wa Ufaransa akaandika kwamba yalikuwa mauaji ya umati. Pensheni za wenzao waliobaki ziligandishwa kuanzia 1959, mpaka miaka ya 2000 mkongwe wa Afrika alikuwa akipata sehemu ndogo tu ya anachopata Mfaransa aliyelala naye handaki moja.

Halafu kuna wale ambao hata jina la askari hawakupewa. Wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza Afrika Mashariki, kikosi cha kubeba mizigo, Carrier Corps, ambalo midomo yetu ililigeuza ikatoka Kariakoo. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na malaria, si kwa risasi. Tunalitaja jina lao kila siku bila kuwafikiria. Kwenye ile hoja yako ya mzigo wa ushahidi, hao wangeleta fomu gani?

Kitukuu:

Nanga, umenikamata. Nimekubali, na hilo la wapagazi linaniongezea hoja. Mtu ambaye hakuandikwa wakati wa kuingia hana namna ya kuandikwa wakati wa kutoka.

Jicho la Tatu:

Naongeza chumvi kidogo. Sheria ya 1991 inawahusu askari wa Marekani. Wavietnam waliomwagiwa dawa ile ile vichwani, wao na watoto wao, walikwenda mahakamani Marekani kuyashtaki makampuni yaliyoitengeneza, kesi ikatupwa 2005. Sisemi askari asitibiwe. Nasema tunapoongelea "kurudi nyumbani" tukumbuke kuna waliokuwa nyumbani muda wote, vita ndivyo vilivyowafuata.

Mzee wa Zamu:

Vijana, nimesoma yote. Mimi nilivaa gwanda miaka mingi, nikaenda, nikarudi. Takwimu zenu nzuri. Niwape mambo ya ndani.

Jeshini nilikuwa na watu thelathini chini yangu na magari sita. Kila mtu nilijua anaogopa nini. Nimetoka, nimekwenda kwenye usaili wa kazi, kijana wa rika la mwanangu wa mwisho akaniuliza kama nina uzoefu wa kusimamia watu. Nilimjibu ndiyo. Akaniuliza una cheti? Nikacheka, na kile kicheko ndicho kilichoninyima kazi, nakubali.

Pensheni ni haki, ilipwe. Lakini kinachomaliza mtu ni kwamba hakuna anayemhitaji asubuhi. Kule ukichelewa dakika tano kuna mtu anaweza kufa. Hapa ukilala hadi mchana hakuna anayejua. Mkitaka kumsaidia mtu mpeni zamu, hata iwe ya kufungua geti. Mimi jina langu humu nimelitoa huko, watu wa mtaa walinipa zamu ya kulinda pampu ya maji usiku, kwa kuwa sikuwa nalala hata hivyo. Wao walidhani nawasaidia.

Wewe Kitukuu mwanangu, mambo mawili. Usimguse kaka yako akiwa amelala. Simama mlangoni, mwite jina, subiri ajibu. Na asije mtu akamuuliza aliua wangapi. Hilo swali nimeulizwa kwenye harusi, kwenye msiba, hata na kinyozi ameshika wembe. Mtu anayeuliza hivyo anataka hadithi, hataki jibu.

Mama Wawili:

Shikamoo Mzee wa Zamu. Hilo la kumwita kutoka mlangoni ningeambiwa miaka sita iliyopita ningeepuka kovu nililonalo mkononi. Mume wangu hakukusudia, alikuwa usingizini, alipoamka alilia kuliko mimi.

Naomba niseme la wake, maana nyuzi hizi huwa zinatutaja mwishoni kama tulivyotajwa hapa, yaani hatujatajwa. Anayempeleka kliniki ni nani? Anayejua dawa zipi zinamfanya azubae na zipi zinamtia hasira ni nani? Mimi niliacha kazi. Kwenye fomu zote nilizojaza kuna sehemu ya jina la mke, hakuna sehemu ya kazi anayoifanya. Nikidai chochote nitaambiwa nilete mkataba wa ajira.

Na mzigo huo wa ushahidi ninyi mnaouongelea, anayeubeba ni mimi. Yeye hawezi kusimama foleni yenye watu nyuma yake. Kwa hiyo nasimama mimi, nikifika dirishani naambiwa mhusika aje mwenyewe.

Bwana Hesabu:

Mama Wawili, hapo umenishinda. Mimi ni mhasibu kwa kazi, nafikiri kwa mafungu. Nikikaa nikapiga, kumlipa anayemtunza nyumbani ni nafuu kuliko kumlaza hospitali. Sijabadilika kuhusu waongo, lazima uwepo ukaguzi. Ila ukaguzi unaweza kuja baada ya matibabu, si kabla. Unamtibu leo, unakagua mwakani, ukikuta kadanganya unamdai. Mambo ya kodi tunafanya hivyo hivyo: mtu anajaza mwenyewe, anaaminiwa, kisha baadhi wanakaguliwa. Sijui kwa nini mwenye duka aaminiwe kabla ya mwenye kovu.

Nanga:

Mhasibu kaokoka! Naunga mkono. Na kwa wanaodhani kumsaidia mlemavu wa vita ni sadaka tu isiyozaa, mtazameni daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani. Hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, alipewa askari waliovunjika uti wa mgongo, watu ambao kabla yake walikuwa wakilazwa kungoja kufa. Akawaamsha, akawapa mipira na pinde. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Olimpiki ya London ilipofunguliwa, aliwashindanisha wagonjwa 16 kulenga shabaha kwa upinde. Mashindano hayo ndiyo yaliyokua yakawa Paralimpiki. Leo mtoto aliyezaliwa na ulemavu, ambaye ukoo wake mzima haujawahi kushika bunduki, anakimbia kwa sababu ya wale 16.

Jicho la Tatu:

Kitukuu, umepotea uzi ni wako. Kaka anaendeleaje? Ameujua uzi huu?

Kitukuu:

Nipo, nilikuwa naye. Nimemsomea wote, upande wa sikio la kulia. Posti ya Mzee wa Zamu aliniambia niirudie, ile ya geti, akasema pampu ya maji ni zamu nzuri kwa sababu inapiga kelele moja tu. Ya Mama Wawili aliinama, hakusema kitu.

Nikamuuliza kama tuijaze fomu upya, mimi nitasimama foleni. Akatoa ile karatasi mfukoni, ikaachana vipande viwili kwenye kunjo. Akasema tukachukue nyingine, lakini pale panapoandikwa shahidi niandike jina la yule mwenzake hivyo hivyo, kwa kuwa ndiye aliyeshuhudia. Nikamwambia wataikataa. Akasema wanajua alikozikwa, wakamuulize.

Tunakwenda Jumatatu.